Mwaka Usio na Jina

Fainali ya tenisi ya ukumbini ilikatika ghafla. Ngowi alianguka akiufuata mpira, goti likateguka, akashindwa kuinuka. Mwamuzi akamtangaza mpinzani wake, Shemndolwa, kuwa bingwa wa mwaka ule.

Fundi wa kuchonga alikuwa ameshalishika kombe, lililojaa majina ya mabingwa tangu mashindano yaanze.

"Chonga mwaka tu," Shemndolwa alimwambia. "Jina langu liache."

"Kaka, kila mwaka una mtu wake. Hata marehemu baba yako yumo humu."

"Ndiyo maana. Yeye alishinda."

Fundi akachonga mwaka peke yake. Shemndolwa akalikumbatia kombe, akaenda nalo hadi chumba cha matibabu, akaliweka kitandani kando ya Ngowi. Ngowi akajifuta uso, akaanza kuyasoma majina kwa sauti, kuanzia la kwanza.