Pole ya Bi Nachuma

Tangu neno pole lianze kufanya kazi kikweli, watu wamekuwa mabahili nalo kupita kiasi. Ukimwambia mtu pole, uchovu wake wote unahamia kwako, hadi ule wa kwenye visigino. Basi kila nyumba ikateua mmoja wa kulisema.

Kwa akina Selemani aliteuliwa mama yake, Bi Nachuma, mkunga mstaafu. "Si unakaa tu, mama?" alisema mkwewe, Somoe.

Akawa anakaa kweli. Selemani akirudi kiwandani, mama humwambia, "Pole, mwanangu," naye huyo, mbio kwenye bao. Somoe akirudi shambani, "Pole, mkwe wangu," naye huanza kuimba. Bi Nachuma hubaki mkekani, hana njaa wala hasira. Hata nzi akitua puani mwake, humwacha amalize shughuli zake.

Mjukuu wake Atiye, wa miaka minne, hakufundishwa neno lile, lakini masikio anayo. Ijumaa moja alimpapasa bibi goti, akasema, "Pole, bibi."

Uchovu wa miaka tisa ukamtoka Bi Nachuma kama maji kwenye mtungi uliopasuka. Akasimama bila kushika ukuta. Akasikia harufu ya mchaichai, akatamani chai.

Atiye alikuwa amekaa mkekani, mikono mapajani, akiutazama ukuta. Nzi akatua puani mwake.

"Pole yako naja kukupa, mjukuu wangu," alisema Bi Nachuma. "Ngoja kwanza ninywe chai."

Akamimina kikombe, akakinywa chote. Kisha akamimina cha pili.