Sange Amfundisha Chatu Kula

Hapo kale, wanyama walipoanza kuoneana aibu ya vitambi, Sange alijitawaza kuwa daktari wa matumbo. Sange ni yule kipanya wa msituni mwenye pua ndefu, asiyetulia. Asubuhi moja alikuwa ameshakula kifungua kinywa mara tatu.

Alimkuta jirani yake Chatu amejikunja, bado anahangaika na swala aliyemmeza mwezi uliopita.

"Shikamoo mzee. Lakini huoni haya? Swala mmoja, mwezi mzima! Tumbo lako limelala fofofo."

"Marahaba, mwanangu. Ndivyo nilivyoumbwa. Nikishiba, sina haja na mtu."

"Visingizio hivyo! Amka na jua, tambaa mpaka mtoni, kunywa maji, kisha ule kidogo kidogo, mara kwa mara."

Chatu, mzee msikivu, alishika kila neno. Baada ya wiki mbili Sange alifika, kifua mbele, kupokea shukrani.

"Dawa imekubali, daktari," Chatu alisema. "Siku hizi naamka na njaa."

"Si nilikwambia! Leo unaanza na nini?"

Chatu alimtazama kuanzia pua hadi mkia. "Na kidogo, kama ulivyoagiza."

Akammeza. Majirani wanakiri hadi leo kwamba hawajamwona mgonjwa mwingine aliyefuata masharti barabara namna ile.