Uchovu wa Shemboko
Ulimpigia makofi Shemboko akipanda mlima kwa baiskeli bila tone la jasho, lakini jikoni kwao hukutaka kutazama. Sheria inaruhusu uchovu wa mwanamichezo uhamishiwe kwa ndugu yake kwa bangili. Mama yake ndiye aliyeivaa.

“Mama, kaa chini, kaka keshaanza mlima!” binti yake akasihi.

“Nikae, ugali ausonge nani? Wewe mvivu?” Akacheka, kisha akaanguka na mwiko mkononi, midomo imempauka.

Kwenye televisheni Shemboko akatabasamu. “Sijachoka hata kidogo. Mama, umeniona?”

Nawakumbuka kwa majina akina mama waliozikwa na bangili hizo. Huyu bado anapumua, na kesho kuna mlima mrefu zaidi. Zima hiyo televisheni, inuka, twende tukamvue bangili sasa hivi!