Mkufu wa Upole

Siku hizi kila mzazi huvaa mkufu shingoni. Ukimfokea mtoto, mkufu huyageuza maneno, naye husikia upole tu.

Asubuhi binti yangu Nasra alimwaga uji. Nikafoka kama marehemu mama: "Mjinga wewe! Utanitambua leo!" Mkufu ukasema, "Pole, kipenzi. Tutaufuta pamoja." Nikashusha pumzi. Angalau ukali wa mama umeishia kwangu.

Mchana nikamkuta amemwegemeza mwanasesere wake ukutani.

"Pole, kipenzi," alimwambia kwa sauti ile ile ya mkufu. Lakini macho ameyatoa, mdomo wa chini ameung'ata, vile vile alivyonifanyia mama.

"Njoo, mwanangu," nikamwita, safari hii kwa upole wangu mwenyewe.

Akanitazama usoni kwanza. Kisha akarudi nyuma, akaketi ukutani kando ya mwanasesere.