Ujumbe Uliopimwa Njia ya Muyama

"Ile nyumba tuiache," Nestori alisema, gari likiwa bado halijasimama.

Dorcas, mkalimani wake, aligeuka kumtazama. Alikuwa binti wa Kibondo aliyemaliza chuo na kukaa bila ajira, na kazi hii ya wiki moja aliifanya kwa bidii kuliko wenye mishahara.

"Tukiiacha, bosi, tutakuwa hatujamhoji hata mmoja mwenye asili ya Burundi. Si ndio hao makao makuu wanaowataka?"

Ndio hao hasa. Nestori alikuwa mtaalamu wa ujumbe katika kampeni ya urais, na alikuwa ameandika jumbe mbili za kupimwa. Wa kwanza ulisema mbolea ifike kabla ya mvua. Wa pili ulisema ardhi yetu kwanza, wageni warudi kwao. Wa mbolea watu waliupokea kwa adabu. Ule wa pili waliushangilia Kasulu mjini, wakaushangilia sokoni, na fundi baiskeli mmoja akaomba asomewe tena.

Sasa lilibaki swali moja. Familia za asili ya Burundi, zilizokwisha kupewa uraia na kadi za mpiga kura, zingeukasirikia? Kama hapana, ungeanza kusikika redioni Jumatatu, nchi nzima. Meneja wa kampeni alikuwa amemnong'oneza Nestori kwamba ukipita huo, mgombea akishinda, yeye Nestori kazi ya Ikulu anayo.

Nestori alitamani mtu mmoja aukatae. Mmoja tu, apate sababu ya kuandika kwamba haufai. Yeye mwenyewe hakuwa na ubavu wa kuukataa. Alilijua hilo, na wala halikumuuma. Tangu kampeni zianze moyo wake ulikuwa umekufa ganzi. Alikula kwa sababu chakula kilikuwa mezani, alicheka kwa sababu wenzake walicheka.

Nyumba ilikuwa kando ya njia ya Muyama, ndogo, ya matofali ya kuchoma, na ukungu ulikuwa bado umelalia shamba la maharage. Nestori aliinama, akaingia. Dorcas, aliyemfuata, alijigonga paji la uso kwenye boriti ya mlango, akacheka huku machozi yakimlengalenga.

Mwenye nyumba, bibi aliyeitwa Pelagia, alikuwa akichambua maharage. Aliinua macho akamtazama Nestori. Akamtazama sana, na ungo ukatulia mapajani mwake. Kisha akamsalimia Dorcas kwa Kirundi na kumuuliza jambo.

"Anauliza wewe ni nani."

"Mwambie ni mgeni kutoka makao makuu. Bwana Nestori."

Dorcas akamwambia. Bibi akalirudia jina hilo polepole, kama anayeonja chumvi ya mchuzi, halafu akaitikia kwa kichwa.

Nestori alisoma ujumbe wa mbolea. Bibi akasema ni mzuri. Akasoma wa pili kwa sauti ile ile, macho kwenye karatasi. Dorcas alipofika kwenye wageni kurudi kwao, sauti yake ilififia. Alimuonea aibu mama wa watu, ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Nyuma ya nyumba mbuzi alilia, akanyamaza.

Kasirika, Nestori aliomba kimoyomoyo. Tufukuze.

"Mwambie asiogope," alimwambia Dorcas. "Hapa haandikwi mtu jina. Kama maneno haya yamemchukiza, aseme."

Bibi alisema kwa kirefu, bila kupandisha sauti. Nestori alikuwa ameshainamisha kichwa kabla Dorcas hajafungua mdomo.

"Anasema ameishi hapa tangu ujana wake. Mume wake amemzika hapa. Uraia anao. Lakini majirani wakishayasikia haya redioni, hawatamuomba cheti kwanza."

"Kwa hiyo anaukataa?" Kalamu ya Nestori ilikuwa tayari juu ya karatasi.

Dorcas akauliza. Badala ya kujibu, bibi naye akauliza.

"Anauliza, wakubwa wakiupenda, aliyeuandika atapata kazi?"

Nestori angeweza kusema hapana, na mambo yakaishia hapo. "Atapata," alisema. "Tena kubwa."

Dorcas alitafsiri. Bibi akauinua ungo wake, akapepeta mara moja, makapi yakaruka.

"Anasema basi ni mzuri. Andika ni mzuri."

"Muulize tena."

"Bosi, amesema."

Nestori akaandika kwamba ujumbe umekubalika. Mwandiko ulitoka safi kama kawaida, na usafi huo ndio uliomsikitisha kidogo, kwa mara ya kwanza baada ya miezi kadhaa. Alishukuru kwa Kiswahili, kama mgeni, akatoka.

Dereva alikuwa ameshawasha injini wakati bibi alipotokea mlangoni, kitenge kimemfunika mabega. Aliita maneno machache kutoka pale pale alipokuwa. Dorcas aliyasikiliza akiwa ameshika mlango wa gari, akakunja uso, akamtazama bosi wake kuanzia juu mpaka chini.

"Anasemaje?" dereva aliuliza, maana Nestori hakuuliza.

"Anasema bosi avae sweta, asubuhi za huku hazijabadilika." Dorcas aliuachia mlango wa gari. "Anasema hata alipokuwa akimnyonyesha bosi, mtoto alikuwa na kifua kibovu."