Ukurasa Mmoja, Si Zaidi

"Mistari minne!" Mzee Stanislas alipiga meza mpaka kikombe kikaruka. "Mtu mzima, mwenye ndevu zake, na maisha yake yote ni mistari minne!"

Binti yake Madeleine aliinama akaiokota karatasi iliyoanguka. Macho ya mzee yalikuwa yamepungua nguvu, kwa hiyo yeye ndiye aliyemsomea. Ndiye pia aliyevumilia ugomvi huo tangu walipomaliza kula.

Nafasi ilikuwa moja tu, na si nafasi ya mchezo: akiingia mtu mbaya, kumtoa ni kazi. Kila aliyeitaka alitakiwa kuleta rezime, yaani maisha yake kwa kifupi, katika ukurasa mmoja. Si nusu, wala si moja na robo.

Sheria hiyo Mzee Stanislas aliipata ofisini, alikoandikisha wafanyakazi miaka mingi hapa Élisabethville. Ofisi yenyewe aliiingia na ufagio mkononi. Mchana alifagia, jioni alikwenda kusoma kwa mapadre, mpaka siku moja akakikalia kiti alichozoea kukipangusa. Mtu wa namna hiyo haambiwi na yeyote rezime inavyotakiwa kuwa. Anayezidisha ukurasa anajisifu, alipenda kusema, na asiyeujaza ana jambo analoficha.

"Turudi mwanzo," aliagiza. "Ya Désiré."

Désiré alikuwa karani wa reli, mtu wa Kasai, na alileta kurasa tano. Zilianza na babu wa babu yake, zikavuka mito, zikapigana vita. Katika ukurasa wa tatu Désiré mwenyewe alikuwa bado hajazaliwa.

"Huyu ataingia hapa na ukoo mzima. Weka kando. Na Adrien?"

Adrien, fundi cherehani wa Kamalondo, aliileta yake akifuatana na mjomba wake, wote wawili wamevaa makoti ya Jumapili. Mzee aliipima karatasi kwa rula. Ukurasa mmoja, umejaa mpaka chini. Uso wake ukafunguka kidogo.

"Soma."

Madeleine alisoma, na uso wa mzee ukafungika tena. Nusu nzima ilikuwa salamu: kwake yeye, kwa mkewe, kwa jirani zake, mpaka kwa kuku wa nyumbani.

"Hakuna mtu mjini humu anayejua kupima maneno!" Mzee alivua miwani, akaivaa tena. "Haya, yule wa samaki. Labda sikusikia vizuri."

Madeleine hakuhitaji kuitazama karatasi. "Ninaitwa Paulin Ngosa. Nilibatizwa Mokambo. Ninaendesha kamyo ya samaki ya Kasenga. Nikisema nitarudi, ninarudi."

"Basi?"

"Njo basi, Papa. Lakini iko kweli yote. Kamyo inamupatia saa gani ya kuandika? Akifika Kasomeno, moteri ikipoa, njo anakamata kalamu."

"Umejuaje anakamata kalamu Kasomeno?"

Madeleine aliisogeza karatasi usoni kana kwamba jibu limeandikwa humo. Ilinuka samaki wa kukaushwa. Ghafla alijiziba mdomo, akatoka mbio mpaka nyuma ya jiko.

Aliporudi, mzee alikuwa ameketi wima kama hakimu. "Umeona? Hata wewe mwenyewe imekuchukiza! Rezime haitakiwi kunuka."

Madeleine alikuwa akitafuna kitu, na unga mweupe ulidondoka kutoka midomoni mwake juu ya karatasi.

"Na chaki yako iache shuleni," mzee alisema, akiupuliza unga. Madeleine alifundisha watoto wadogo wa parokia. "Sikukupeleka kwa masista ili ule chaki."

Mlangoni, mkewe, Mama Germaine, aliuacha mchi ndani ya kinu cha sombe, majani ya muhogo ya chakula cha jioni. "Baba Madeleine, unachagua muntu ao unachagua karatasi?"

"Ninamchagua mtu kwa karatasi yake. Na sema mtu, siyo muntu."

"Muntu," Mama Germaine alijibu. "Wakati yako wewe, nani alikuomba karatasi?"

Mzee alikohoa kwa muda mrefu kuliko kikohozi kilivyohitaji.

"Papa," Madeleine alisema taratibu, "Paulin iko inje, anasimama ku lupango na kofia mu mukono tangu asubui. Ukimukatala leo, kesho patron yake anamutuma Mokambo, abakie kule. Ile nafasi hataipata tena."

Mzee aliinuka, akachungulia dirishani. Kweli, kijana alikuwa pale uani, jua la Oktoba limemkalia kichwani, naye hakuegemea hata ukuta. Mzee akakumbuka ufagio wake. Alirudi kitini, akaiweka rula juu ya ile mistari minne, akaipima, akaipima tena. Haikurefuka.

"Siwezi," alisema, na sauti yake haikuwa na ukali tena, ilikuwa na uchovu. "Nilirudisha watu wengi kwa sababu ya nusu ukurasa. Nikimpokea huyu na mistari minne, wale nitawaambia nini? Lakini sitamfukuza. Aandike upya: wino mweusi, ukurasa mzima, pasipo samaki. Nampa muda. Aniletee kwa Noeli, na akiujaza, nafasi ni yake."

Mchi wa Mama Germaine, uliokuwa umeanza tena, ukanyamaza.

"Noeli?" Madeleine alilegeza kidogo fundo la kikwembe chake, akaacha mkono pale pale tumboni. "Papa, mujukuu wako hatangojea baba yake amalize kuandika."