Mguu wa Kidoti

Wifi wa Tunu alikuwa amewasili asubuhi ile, na mgeni huchinjiwa kuku. Makame, mume wa Tunu, alikwisha kunoa kisu kwa ajili ya Kidoti, tetea aliyechechemea kwa jipu la chini ya mguu.

"Ngoja kwanza," Tunu alimwambia. Alikuwa ameuloweka mguu ule kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi, na gamba jeusi lilianza kulainika.

"Wifi, unakiogesha kitoweo changu?" mgeni alicheka mlangoni.

"Kitoweo chako kina usaha. Njoo ukishike, acha maneno."

Wifi alifunga kanga vizuri, akamkumbatia kuku. Tunu akaminya. Gamba likabanduka, na kiini kigumu kama punje ya mahindi kikachomoka kizima.

"Kimetoka, wifi," Tunu alisema. "Kimetoka na mzizi wake."

Alipaka iodini, akafunga kitambaa. Makame akauliza kama achinje sasa.

"Umchinje nani?" wifi alimkaripia kaka yake. "Huyu mgonjwa wangu. Mimi nitakula maharage."

Wakamweka Kidoti chini. Akasimama kwa mguu mmoja, shingo juu. Kisha ule wenye kitambaa ukaanza kushuka, polepole, kuitafuta ardhi.